Kabla Hujasema Ndiyo kwa Kamisheni Tupu

Tangazo linasema maafisa mauzo ishirini wanahitajika haraka, uzoefu si lazima, kipato hakina kikomo. Umetuma wasifu jioni, asubuhi simu imeita: njoo usaili Alhamisi saa tatu, ghorofa ya nne. Furahi, ila jiulize kwanza kwa nini wamekuita upesi hivyo.

Kampuni inayolipa mshahara ikikosea kuchagua mtu, inapoteza mishahara ya miezi kadhaa na muda wa kumfundisha. Kwa hiyo inachuja. Kampuni inayolipa kamisheni tupu ikikosea, hasara yake ni ndogo mno. Usipouza hulipwi, na nauli ya kuzunguka Mbagala hadi Gongo la Mboto imetoka mfukoni mwako. Inaweza kuchukua watu ishirini ikitegemea wabaki watatu, na bado ikapata faida kwa wale kumi na saba walioondoka, maana kila mmoja aliwauzia ndugu zake wawili watatu kabla ya kukata tamaa. Kuchaguliwa kwako, basi, hakujathibitisha kitu juu ya uwezo wako wala juu ya kazi yenyewe.

Sisemi kwamba kazi hizi ni utapeli. Wapo mawakala wa bima, wauza viwanja, wauza sola na mafrilansa wa laini za simu waliosomesha watoto kwa kamisheni. Ila mtaji wa biashara hiyo unautoa wewe: nauli, bando, soli za viatu, muda, na jina lako mbele ya shangazi na majirani, kwa sababu hao ndio watakaokuwa wateja wa kwanza. Mwenye mtaji huuliza maswali kabla ya kuutoa. Mwongozo huu unakuandaa uingie kwenye chumba cha usaili ukihoji kama unavyohojiwa. Ofisi na sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara. Msomaji wa Zanzibar, Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi, hesabu hazibadiliki.

## Simu ya kwanza

Anayekupigia simu kukuita ana orodha ndefu na haraka nyingi. Mshukuru, kisha muulize mambo manne kabla hajakata:

1. Jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa. Wengi hutaja jina la bidhaa maarufu, kumbe wao ni wakala wa wakala.
2. Bidhaa ni ipi. Ukijibiwa "utaelezwa ukifika", baki nyumbani. Muuzaji anayeficha anachouza kwa mtu anayemtaka akiuze ana sababu.
3. Kuna mshahara wa msingi, posho ya nauli, au ni kamisheni tupu. Lisikie jibu kabla hujapanda daladala.
4. Ni usaili wa mtu mmoja mmoja au ni kikao cha watu wengi. Kikao cha watu wengi si kosa, lakini mara nyingi ni semina ya kuhamasisha, na maswali yako utayauliza baadaye kwa mtu mmoja pembeni.

Ukishapata jina, lichunguze. Kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, unaweza kutafuta kama kampuni ipo. Baada ya hapo angalia leseni ya biashara yenyewe, kwa maana usajili wa BRELA hauruhusu mtu kuuza bima wala kukopesha:

- Bima. Kampuni, na wakala pia, lazima wasajiliwe na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa hiyo uliza nani atagharamia mafunzo na usajili wako, na kama utaruhusiwa kuuza kabla usajili haujatoka. Jibu sahihi la swali hilo la pili ni hapana. (Kenya, ofisi ya kuulizia ni IRA.)
- Mikopo. Kampuni inayokopesha bila kupokea amana inahitaji leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kila moja kati ya hizo ingeweza kuhitaji mtu wa kuitangaza mtaani.
- Viwanja. Omba namba za viwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri husika uulize kama eneo limepimwa na ramani ya upimaji imeidhinishwa. Kiwanja chenye hati kinafanyiwa upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ni usumbufu, najua. Lakini kiwanja kikija kuwa na mgogoro, mteja hatakwenda kumtafuta mkurugenzi. Atakuja kukaa sebuleni kwenu.

## Hesabu ifanye nyumbani

Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kubeba asilimia kichwani na kusahau tarehe. Asilimia tano ya kiwanja inavutia sana. Mwenye nyumba wako, hata hivyo, anataka kujua ni lini. Chukua karatasi:

1. Gharama ya siku moja ya fildi. Tuseme nauli 3,000, chakula 3,000, bando na muda wa maongezi 1,500. Jumla 7,500. Kwa siku 24 za mwezi ni shilingi 180,000, na hapo hujaweka kodi ya chumba wala ada ya mtoto.
2. Kamisheni ya kuuza kimoja. Kiwanja cha shilingi 6,000,000 kwa asilimia 5 kinakupa 300,000. Msaili huishia hapa, akitabasamu.
3. Inaingia lini. Mteja ametoa kianzio cha 1,000,000, kiasi kilichobaki atalipa kwa miezi 12. Kama kampuni inakulipa kadiri fedha za mteja zinavyoingia, mwezi huu unapata 50,000. Zile 250,000 zinakuja kwa vipande vya takribani 20,800 kila mwezi, mteja asipochoka njiani.
4. Gawanya. 180,000 kwa 50,000 ni 3.6. Unahitaji viwanja vinne mwezi wa kwanza ili urudishe nauli na chakula tu. Kama kamisheni yote ingelipwa siku ya kianzio, kiwanja kimoja kingetosha na chenji ingebaki. Kazi ni ileile, asilimia ni ileile, tofauti yote imo kwenye tarehe ya malipo.
5. Watu. Ukikadiria kwamba kati ya watu 30 utakaozungumza nao mmoja ananunua, viwanja vinne ni watu 120, yaani watano kila siku ya kazi. Andika majina yao ukianzia unaowafahamu. Karatasi ikiishia jina la kumi na tisa, hapo ndipo utakapoanza kugonga milango ya wasiokujua, na uwiano wa mmoja kwa thelathini unaweza kuwa mbaya zaidi.

Mstari wa mwisho wa karatasi uwe huu: bila shilingi kuingia, ninaweza kula na kulala kwa miezi mingapi? Bidhaa zinazofikiriwa sana kabla ya kununuliwa, kama viwanja na bima ya maisha, humtaka muuzaji mpya awe na pumzi ya miezi mitatu au zaidi. Laini za simu na bidhaa ndogo za nyumbani hulipa upesi, ila kidogo kidogo. Kama kodi ya chumba inadaiwa mwisho wa mwezi huu na akiba hakuna, ushauri wangu ni kuziacha zile za kwanza hata kama kampuni ni safi kabisa. Mtu mwenye njaa humsukuma mteja, na mteja akishasukumwa hukimbia.

## Ndani ya chumba

Msaili mzuri wa kazi ya mauzo hasomi vyeti vyako kwa makini. Anaangalia kama unasikiliza, kama unastahimili kukataliwa, na kama mtu mgeni anaweza kukuamini ndani ya dakika tano. Fika mapema, vaa kama utakavyovaa ukienda kumwona mteja, msalimie wa mapokezi kwa jina kama lipo kwenye beji. Kuna wakurugenzi humuuliza huyo baadaye: yule kijana alikuwaje?

Kama hujawahi kuajiriwa kuuza, usiseme huna uzoefu. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, akafuatilia ahadi za watu wazima bila kugombana nao hadi bajeti ikatimia, amefanya kazi ngumu ya mauzo kuliko wengi. Aliyemsaidia mama kuuza genge anajua kwa nini mteja wa jana hakurudi. Yaeleze hayo kwa idadi: mlikuwa na ahadi kiasi gani, mkakusanya kiasi gani, wewe ulifanya nini kwa wale waliokuwa hawapokei simu.

Karibu kila mahali utapewa kitu mezani uambiwe ukiuze. Wengi huanza kukisifia. Anza kwa kuuliza:

— Niuzie kalamu hii.
— Sawa, mama. Kabla sijakuuzia, kazi yako inakutaka uandike nini zaidi kwa siku?
— Nasaini fomu za wateja.
— Kama ngapi?
— Arobaini hivi.
— Na hii unayotumia imewahi kukuishia wino mteja akiwa mbele yako?
— Mara nyingi tu.
— Basi moja haitakufaa, mama. Chukua dazeni, mbili zikae kwenye mkoba, zilizobaki droo. Nikuletee leo mchana au kesho asubuhi?

Hakuna sifa hata moja ya kalamu pale. Muuzaji ameuliza, akasikia shida, akaifunga kwa swali linalohitaji jibu la siku na siyo la ndiyo au hapana. Fanya mazoezi na ndugu yako nyumbani kwa vitu vitatu tofauti, ukimwambia akukatalie mara mbili kila unapouza.

Utaulizwa pia, "Unajiona unapata shilingi ngapi mwezi wa kwanza?" Usitaje namba ya kumfurahisha. Sema: "Sijajua bado, mkuu, mpaka nielewe wauzaji wenu wapya wa kawaida wanapata kiasi gani na wanalipwa lini. Naweza kukuuliza hapo?" Umeshafungua mlango wa sehemu inayofuata.

## Maswali yako, na namna ya kuyauliza

Tumelelewa tukiamini kwamba kuuliza habari za pesa kwenye usaili ni utovu wa adabu, hasa msaili akiwa mtu mzima. Adabu ibaki, maswali yaulizwe. "Samahani mkuu, nisaidie nielewe…" inabeba swali lolote. Na kumbuka unaomba kazi ya kuwauliza watu wazima habari za pesa zao. Ukishindwa hapa, msaili ana haki ya kujiuliza utaweza vipi huko mtaani.

Kamisheni ni asilimia ya nini? Ya bei anayolipa mteja, ya bei kabla ya kodi, au ya faida? Chukua bima ndogo ya gari binafsi. Kwa miaka mingi ada yake ya chini imekuwa shilingi 100,000, na ikiongezwa VAT ya asilimia 18 mteja analipa 118,000. Kamisheni ikipigwa kwa asilimia 10, wewe umeshahesabu 11,800 na kampuni inahesabu 10,000. Tofauti ndogo kwa gari moja. Kwa magari hamsini ni 90,000.

Mauzo yanahesabiwa kuwa yamekamilika lini? Fomu ikisainiwa, pesa ikiingia, bidhaa ikifungwa nyumbani kwa mteja, au mkopo ukiidhinishwa? Katika kila hatua kati ya hizo kuna mtu mwingine anayeweza kuchelewesha malipo yako, na huna mamlaka juu yake.

Mnalipa tarehe ngapi, kwa njia gani, na mnakata nini? Uliza kuhusu kodi ya zuio na kama utapewa cheti chake, maana utakihitaji kwa mamlaka ya mapato, TRA. Uliza kama sare, kishikwambi au vipeperushi vinakatwa kwenye kamisheni.

Mteja akiacha kulipa, inakuwaje kwa kamisheni niliyokwisha kuichukua? Hili ndilo swali ambalo wapya hawaulizi, na ndilo linalowaumiza. Kwenye bima ya maisha kamisheni ya mwaka wa kwanza huwa kubwa, ya miaka inayofuata hupungua. Mteja akiacha kuchangia baada ya miezi michache, kampuni nyingi hurudi nyuma na kukata sehemu ya ile uliyolipwa, kutoka kwenye kamisheni ya wateja wengine. Unaweza kufanya kazi Juni nzima ukapokea sifuri kwa sababu ya waliokimbia mwezi Machi. Kukata kwenyewe si dhuluma, kwa kuwa kunamzuia muuzaji asimbebeshe mtu bima asiyoimudu. Dhuluma ni kutokukuambia. Taka kujua ni ndani ya miezi mingapi, na ni kiasi gani.

Ile "posho ya kuanzia" ni zawadi au ni mkopo? Baadhi ya kampuni hutoa tuseme 200,000 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha huzikata kwenye kamisheni. Ukiacha kazi mapema, je, utadaiwa?

Wateja wanatoka wapi? Mnatoa majina ya watu waliopiga simu kuulizia, au natafuta mwenyewe? Nikimleta mteja, halafu akaenda moja kwa moja ofisini kulipa, ni wa nani? Wauza viwanja wanagombana zaidi kwa hili kuliko kwa jambo jingine. Mteja anapelekwa saiti na muuzaji mmoja Jumamosi, Jumatatu analipia kwa mwingine. Kampuni iliyopangika ina daftari au mfumo wa kuandikisha mteja, pamoja na muda ambao anabaki kuwa wako.

Nikiondoka, malipo ya wateja wangu ambao bado wanalipa kidogo kidogo nitaendelea kuyapata? Rudi kwenye mfano wa kiwanja. Zile 250,000 zinakuja kwa mwaka mzima. Ukiacha mwezi wa nne, nani anazichukua?

Walioanza miezi sita iliyopita walikuwa wangapi, na leo wamebaki wangapi? Utaonyeshwa nyota wa kampuni, yule aliyenunua gari. Mpongeze, kisha uliza habari za wa katikati. Ukiwapanga wauzaji kumi kwa kipato, anayekufundisha kitu ni wa tano na wa sita.

Hakuna haja ya kuyamaliza yote kwa kikao kimoja. Ukibaki na nafasi ya mawili tu, uliza la kukatwa na la waliobaki.

Kisha, ukitoka, usiende moja kwa moja kituoni. Tafuta wauzaji wao wanapokula mchana. Kwa mama ntilie wa jirani na ofisi utasikia tarehe halisi ya malipo, siyo ile ya kwenye karatasi.

> KISANDUKU: UKIONA HAYA, ONDOKA
>
> - Unatakiwa kulipia fomu, sare, mafunzo au "kifurushi cha kuanzia" ili uajiriwe.
> - Unaambiwa uandike majina na namba za simu za watu mia moja kabla hata ya kupewa kazi. Namba hizo ndizo zinazotafutwa. Na ni taarifa za watu wengine: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022.
> - Kipato kinatokana zaidi na kuingiza watu wapya kuliko kuuza bidhaa. Muulize msaili: "Nisipoingiza mtu hata mmoja, nitapata kiasi gani kwa kuuza tu?" Akibabaika, huo ni upatu, na kuendesha biashara ya upatu ni kosa la jinai. Waliokuwepo wanaikumbuka DECI, ya kupanda na kuvuna mbegu, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009.
> - Wanataka kubaki na vyeti vyako halisi au kitambulisho cha NIDA. Nakala inatosha.
> - Wateja wanalipa kwenye namba binafsi ya kiongozi wa timu.
> - Mkataba unatakiwa usainiwe leo, hapahapa, "nafasi zimebaki mbili".

## Omba siku moja ya fildi

Kabla ya kukubali, omba kumfuata muuzaji wao kwa siku moja. Wengi watakubali, wakitumaini utavutiwa. Ukiwa naye, tazama mambo matatu tu. Mteja anauliza maswali gani, na majibu ya muuzaji ni ya kweli? Bidhaa inafanya kazi mbele ya macho yako? Mtu aliyenunua mwezi uliopita akikutana naye njiani, anamsalimia au anavuka barabara?

Siku hiyo iwe ya kutazama. Ukiombwa uanze kuwauzia watu wako "kama majaribio", kataa kwa upole: "Nitaanza nikishasaini, kaka, ili kamisheni iwe na mwenyewe." Majaribio ya wiki mbili bila malipo ni mauzo ya bure.

## Karatasi ya kusaini

Chukua mkataba nyumbani. Usome usiku, umpe na mwingine asome. Mengi ya uliyojibiwa kwa mdomo yanatakiwa yawemo: asilimia na ya nini, siku ya kulipwa, masharti ya kukatwa, mteja ni wa nani, na kinachotokea ukiondoka. Kisichokuwemo, kiandike kwenye ujumbe wa WhatsApp au barua pepe kwa aliyekusaili, namna hii:

> "Shikamoo mama. Nashukuru kwa usaili wa jana. Naomba kuthibitisha nilivyoelewa: kamisheni ni asilimia 5 ya bei ya kiwanja, inalipwa kila tarehe 10 kadiri mteja anavyolipa, na nikiondoka naendelea kulipwa kwa wateja niliowaandikisha. Kama kuna nilipokosea, naomba unisahihishe kabla sijasaini."

Akijibu "sawa", hifadhi picha ya ujumbe. Akipiga simu badala ya kuandika, msikilize, halafu mwandikie tena aliyoyasema.

Angalia pia mkataba unakuitaje. Nyingi husema wewe ni "wakala huru", siyo mwajiriwa. Maana yake kampuni haikuchangii NSSF, hakuna likizo ya malipo, na kima cha chini cha mshahara hakikuhusu. Mwajiriwa huwekewa NSSF jumla ya asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10. Wakala huru hujiandikisha na kuchangia mwenyewe akipenda. Si vibaya kuwa wakala huru, mradi uwe huru kweli: unapanga saa zako, unaweza kuuza bidhaa za kampuni nyingine, huitwi kwenye kikao cha saa mbili asubuhi kila siku na kukatwa ukichelewa.

Kama jina ni la wakala lakini maisha ni ya mwajiriwa, sheria ina macho. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo dalili mojawapo kati ya kadhaa: kazi yake inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi yeye peke yake. Neno lililoandikwa juu ya mkataba halitoshi kulifuta hilo. Kwa sababu hiyo tunza ratiba, jumbe za kikundi na orodha za mahudhurio tangu siku ya kwanza.

Jambo moja zaidi, lenye hatari kuliko yote. Usipokee fedha za mteja kwenye simu yako, hata akisihi, hata akiwa mjomba. Alipe kwenye lipa namba au akaunti ya kampuni, wewe ubaki na nakala ya risiti. Wakala anayekaa na fedha za mteja siku tatu "akisubiri kupeleka zote pamoja" anaweza kujikuta polisi. Wizi unaofanywa na wakala una kifungu chake kwenye Kanuni ya Adhabu.

> ORODHA YA KUBEBA SIKU YA USAILI
>
> ☐ Nakala mbili za wasifu na nakala za vyeti (halisi ziachwe nyumbani)
> ☐ TIN, kama unayo. Kuipata TRA ni bure
> ☐ Karatasi ya hesabu: gharama ya siku, idadi ya watu, miezi ya akiba
> ☐ Hadithi mbili fupi za kuuza au kukusanya, zenye namba
> ☐ Maswali yako, yameandikwa. Kuyasoma kwenye daftari si aibu
> ☐ Kalamu
> ☐ Nauli ya kurudi, ili usikubali kitu kwa sababu ya lifti ya kiongozi wa timu

## Ukiuza na usilipwe

Anza kwa kudai kwa maandishi, ukitaja jina la mteja, tarehe, kiasi alicholipa na kamisheni inayotokana nacho. Dai la "nawadai siku nyingi" halimsumbui mhasibu. Dai lenye mistari minne ya namba linamsumbua. Toa siku saba.

Ukiwa wakala huru hasa, hilo ni deni la mkataba, na Mahakama ya Mwanzo hupokea madai madogo ya namna hiyo. Ukiwa na dalili za uajiriwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi mikoani. Usikae ukisubiri ahadi ya "wiki ijayo": shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipotokea, na ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa kutoa sababu za kuridhisha. Fomu inayojazwa inaitwa CMA F1. Kampuni hupelekewa nakala yake, nawe ubaki na uthibitisho kwamba wameipokea: muhuri, saini na tarehe.